UZI: Meli zilizoanza kuzama zikiwa bandarini: Birkenhead, Arctic, Tayleur na Royal Charter (1852–1859)

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa ajali za meli kuna mchangiaji alisema kwa uhakika kabisa kwamba sheria ya bahari ni wanawake na watoto kwanza, na kwamba iko hivyo tangu enzi na enzi. Nililala na hilo jambo. Mimi nimekuwa baharia wa sitaha miaka minane, meli za mizigo za mwambao, Dar kwenda Mtwara, mara nyingine Moroni. Sheria hiyo haipo, na haijawahi kuwepo katika kitabu chochote cha sheria za bahari. Kilichopo ni kisa. Kisa chenyewe kilitokea huku huku Afrika, na ninataka nikieleze vizuri kwa sababu watu wanakumbuka ushujaa wake wanasahau kilichowaua wale watu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Februari 1852, bahari ya kusini mwa Afrika ilikuwa shwari na anga jeupe. Meli ya jeshi la Uingereza, HMS Birkenhead, ilikuwa imeng'oa nanga Simonstown karibu na Cape Town saa kumi na mbili jioni, ikielekea mashariki hadi Algoa Bay. Ilikuwa meli ya chuma, ya mvuke, yenye magurudumu makubwa ya kusukumia maji ubavuni. Ndani kulikuwa na watu wapatao 640. Wengi walikuwa askari wapya kabisa, vijana waliokusanywa kutoka vikosi kumi tofauti, na wengine walipakiwa kule Ireland. Wanawake na watoto wengi walikuwa wameshushwa Simonstown, lakini baadhi walibaki.

Nahodha Robert Salmond alitaka kufika haraka, kwa hiyo akaambaa na pwani, karibu maili tatu tu kutoka nchi kavu. Mwendo ulikuwa noti nane na kidogo, yaani maili nane na kidogo za baharini kwa saa. Baharia wa bildi, ile kamba yenye uzito wa kupimia kina, aliitupa majini akapata pima 12, yaani kama mita 22. Kina kizuri. Kabla hajaitupa mara ya pili, saa nane kasoro usiku, meli ikapanda mwamba. Mahali penyewe panaitwa Danger Point, karibu na mji wa Gansbaai. Ule mwamba bahari ikichafuka unauona, mawimbi yanaupasukia. Bahari ikitulia hauonekani kabisa. Usiku ule bahari ilikuwa imetulia.

Zaidi ya askari 100 walikufa maji pale pale vitandani mwao chini. Waliobaki wakapanda juu, wengine nusu uchi. Luteni Kanali Alexander Seton akachukua uongozi wa askari wote, akataka jambo moja tu: utulivu. Watu 60 wakapelekwa kwenye pampu. 60 wengine kwenye mashua. Waliobaki wakapangwa shetri (nyuma ya meli) ili kupunguza uzito wa omo (mbele). Farasi wakasukumwa baharini. Wanawake na watoto wakateremshwa kwenye mashua moja ikasogezwa mbali kidogo na meli.

Sasa nisikilizeni hapa. Meli ile ilikuwa na mashua mbili kubwa, kila moja ya kubeba watu 150. Moja ilijaa maji mara tu iliposhushwa. Ya pili haikushuka kabisa. Haikushuka kwa sababu vyuma vyake vya kushushia havikutunzwa na vilikuwa vimegandishwa na rangi. RANGI. Mtu alipaka rangi juu ya kitu kinachotakiwa kuzunguka, akapaka tena mwaka uliofuata, na hakuna aliyekijaribu. Zikabaki mashua tatu ndogo kwa watu zaidi ya 600.

Meli ilipokuwa inakatika, Salmond alipaza sauti kwamba anayejua kuogelea ajitose aende kwenye mashua. Seton akaona mara moja kitakachotokea: mamia ya wanaume wakiivamia mashua ile ya wanawake na watoto, itazama. Akawaomba wasimame. Walisimama. Waliojitosa kwenda kwenye mashua walikuwa watatu tu. Tangu kugonga hadi kwenda chini zilipita kama dakika 25.

Wanawake wote na watoto wote waliokuwemo waliokoka. Jumla waliookoka ni 193. Salmond alikufa, Seton alikufa.

Nitaendelea, niko kazini.

#2 – Mchangiaji, Mwanza

Mkuu nimeweka kambi hapa. Endelea.

#4 – Mchangiaji, Mombasa

Shukran ndugu yangu kwa uzi. Mimi pia ni mtu wa bahari, mashua za kuvulia lakini. Swali: wale waliobaki majini ilikuwaje? Kutoka pale hadi ufukweni si mbali, maili mbili hivi. Mtu mwenye pumzi anafika, hasa bahari ikiwa shwari.

#5 – Mleta uzi

Wapo waliofika, kaka. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao, na wengine iliwachukua hata masaa kumi na mawili kufika. Maji ya kule si haya yetu ya Nyali na Kigamboni, ni baridi ya kukata. Halafu karibu na ufuko kuna magugu ya bahari mazito yanayomfunga mtu miguu. Na ile sehemu ilijulikana kwa papa weupe wakubwa, miaka mingi watalii walikwenda Gansbaai makusudi kuwaangalia. Manusura walisimulia kwamba waliokuwa na nguo hawakushambuliwa sana kama waliokuwa uchi.

Watu kama 50 hivi walibaki wameng'ang'ania mlingoti mkuu ambao ncha yake ilibaki juu ya maji. Walikaa pale usiku kucha na asubuhi yote mpaka jahazi moja la pale liitwalo Lioness likaja kuwatoa. Farasi walikuwa tisa. Wanane walifika nchi kavu wenyewe.

#6 – Mchangiaji, Dodoma

Mimi wa bara, mnisamehe. Kwa nini meli ya chuma izame kwa dakika 25? Chuma si ndiyo imara kuliko mbao?

#7 – Mleta uzi

Hapo umegusa penyewe.

Birkenhead iliundwa na John Laird, ikashushwa majini Desemba 1845, na ilikusudiwa iwe meli ya kivita. Laird aliigawa tumbo kwa kuta za chuma, chumba na chumba, ili ubavu ukitoboka chumba kimoja kijae na vingine vibaki vikavu. Alijua kazi yake. Baadaye jeshi la majini likabadili mawazo, likaigeuza iwe ya kubeba askari. Askari wanataka hewa na nafasi ya kupita. Kwa hiyo kuta zile zikatobolewa.

Kwa maoni yangu Birkenhead ilianza kuzama siku ile, ikiwa imefungwa kamba bandarini, mafundi wakiwa na patasi na nyundo, jua linawaka, hakuna hata mtu mmoja aliyeogopa.

Kosa la pili lilifanyika usiku wenyewe. Baada ya kugonga, Salmond aliamuru injini zirudi nyuma ili meli ichomoke mwambani. Kisu kikiwa kimezama mwilini damu hutoka kidogo. Ukikichomoa ndipo inamwagika. Meli iliporudi nyuma maji yakaingia kwa kishindo, kisha ikagonga tena, na mbavu za chini zikapasuka hadi chumba cha injini. Simlaumu kwa ukali. Mtu ameamshwa usingizini, ana dakika moja ya kuamua. Lakini kuta zingekuwa nzima, angekuwa na muda wa kukosea na kurekebisha.

Waliookoka walipelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi Portsmouth mwaka huo huo. Hakuna aliyekutwa na hatia. Wakubwa wote wa meli walikuwa wamekufa.

#9 – Mchangiaji, Nairobi

Mkuu, kwa heshima, mimi huu ushujaa unanikwama kooni. Hawa askari walikuwa wanakwenda kuwaua Waxhosa, wenyeji wa kule, na kuwanyang'anya ardhi. Leo sisi Waafrika tunakaa hapa tunawalilia? Nani alimlilia Mxhosa?

#10 – Mleta uzi

Ndugu yangu, hoja yako ni ya kweli na sitaikwepa.

Vita yenyewe ilianza Desemba 1850 ikaisha 1853. Waxhosa wanaiita kwa jina la Mlanjeni, nabii kijana aliyewaambia watu wake wasimame. Ilikuwa vita ya nane katika mfululizo wa vita vya mpakani, na nyingi ziliishia kwa Waxhosa kusukumwa mbele zaidi na kupoteza malisho. Miaka michache baadaye, 1856 na 1857, walichinja ng'ombe wao wenyewe kwa kuamini unabii wa binti Nongqawuse, na njaa iliyofuata iliua makumi ya maelfu. Katika nchi ile, mwaka ule, wale 450 waliozama Danger Point hawakuwa wafu wengi.

Tena ni kweli kwamba kisa hiki kilitumika. Mfalme wa Prussia (katika Ujerumani ya leo) aliamuru kisomwe mbele ya kila kikosi cha jeshi lake. Alitaka askari wanaosimama wakiambiwa simama. Uingereza nayo ilikifanya somo la shule.

Hata hivyo ninapowafikiria wale vijana pale shetri, sifikirii himaya. Nafikiria kijana wa Ireland aliyekulia wakati wa njaa ya viazi, amejiandikisha jeshini apate kula, hajawahi kuiona Afrika, hajui kuogelea, na anaiona mashua ya mwisho inaondoka. Akabaki mahali pake. Watoto waliokuwa kwenye ile mashua hawakuwa wake. Naomba niruhusiwe kumheshimu mtu huyo bila kuiheshimu vita iliyomleta.

#11 – Mchangiaji, Nairobi

Nimekuelewa. Bado sikubaliani na sehemu, lakini endelea, nasoma.

#13 – Mleta uzi

Sasa Arctic. Hii ndiyo sababu nilisema ile sheria haipo.

Miaka miwili na miezi saba baada ya Birkenhead. Arctic ilikuwa fahari ya Marekani, meli ya abiria ya kampuni ya Edward Knight Collins, ya mbao, yenye magurudumu ubavuni, iliyowahi kuvuka Atlantiki chini ya siku kumi. Collins alikuwa analipwa ruzuku na serikali ya Marekani kubeba barua, na jina la kampuni yake lilisimama juu ya mwendo kasi. Ikatoka Liverpool tarehe 20 Septemba 1854 kwenda New York, watu kama 400, abiria na mabaharia. Mke wa Collins alikuwemo pamoja na watoto wao wawili. Nahodha James Luce alikuwa na mwanawe Willie, umri miaka 11, mtoto dhaifu wa afya aliyepelekwa safari ili apate hewa ya bahari.

Tarehe 27 Septemba, saa sita na robo mchana, ndani ya ukungu mzito karibu na Newfoundland, kisiwa cha pwani ya Kanada ya leo, ikiwa kwenye mwendo wake wote, Arctic iligongana na meli ndogo ya Kifaransa, Vesta. Omo ya Vesta ilisagika. Luce alipoiona alidhani hao Wafaransa ndio wanaokufa, akashusha mashua na afisa wake wa kwanza kwenda kuwasaidia. Halafu akaletewa habari kwamba ubavu wa meli yake mwenyewe una matundu chini ya mstari wa maji. Vesta ilikuwa ya chuma na ina ukuta mzima wa kuzuia maji nyuma ya omo yake. Ukuta ule ulishika, na meli ile iliyosagika ikajikokota hadi bandari ya St. John's kisiwani kule. Arctic, ile kubwa, ile nzuri, haikuwa na kuta kama hizo.

Luce akageuza meli kuikimbilia nchi kavu, akimwacha afisa wake na mashua yake kwenye ukungu. Magurudumu yalizunguka hadi maji yalipofika kwenye matanuru, moto ukazimika.

Mashua zilikuwa sita, nafasi 180. Kwa watu 400. Na kwa sheria za wakati ule ilitosha.

Ndipo utaratibu ukavunjika. Wachochea makaa na mabaharia waliziteka mashua. Luce alitoa amri za wanawake na watoto kwanza, hakuna aliyemsikiliza. Mashua moja ilipokuwa inashushwa na wanawake ndani, kamba ya upande mmoja ikaachia, wakamwagika baharini kama dagaa kutoka kwenye kikapu. Kijana mwanafunzi wa uinjinia, Stewart Holland, alipewa kazi ya kupiga mzinga wa kuomba msaada. Aliendelea kupiga hadi meli inazama naye. Waliobaki wakaunda chelezo la milingoti na milango. Watu zaidi ya 70 walipanda lile chelezo. Aliyetolewa akiwa hai siku iliyofuata alikuwa mmoja, mhudumu wa meli anayeitwa Peter McCabe.

Meli ilichukua kama saa nne kuzama. Saa nne, wakuu! Birkenhead ilikuwa na dakika 25.

Waliookoka ni watu themanini na kitu, wengi wao mabaharia. Mwanamke, hakuna. Mtoto, hakuna. Hata mmoja.

Luce alizama na meli akaibuka, akiwa amemshika Willie. Kisha kipande cha banda linalofunika gurudumu la ubavuni kikachomoka chini ya maji kikaja juu kwa nguvu na kumpiga mtoto. Baba akapanda juu ya kipande kile kile kilichomuua mwanawe, akakaa juu yake siku mbili hadi alipookolewa.

Hakuna aliyeshtakiwa.

#14 – Mchangiaji, Tanga

Nimeisoma hiyo ya Willie mara mbili nikaiweka simu chini kwanza. Allah awarehemu wote waliofia majini.

Mleta uzi, ninavyokuelewa unasema tofauti ya meli hizi mbili ni Seton? Kwamba pasipokuwa na askari hakuna utaratibu?

#15 – Mleta uzi

Amina.

Seton ni sehemu. Askari walikuwa na wakubwa wao walioonekana, wamesimama nao pale pale. Kwenye Arctic wakubwa walikuwa wachache na mmoja alikuwa ameshaondoka na mashua ya kwanza. Wachochea makaa walikuwa watu wa chini kabisa melini, wanafanya kazi kwenye joto la tanuru. Hakuna mtu aliyewahi kuwafanyisha zoezi la kushusha mashua hata siku moja, na wao ndio wa kwanza kuyaona maji. Walijua hesabu kabla ya abiria: nafasi 180. Ukimpa mtu hesabu hiyo usiku au mchana, usishangae atakachofanya. Siwatetei. Ila yule aliyepanga nafasi 180 kwa watu 400 alikuwa ofisini, kavu.

Collins mwenyewe alilipa kwa mke na watoto wawili, na mwaka 1856 meli yake nyingine, Pacific, ikapotea baharini na kila aliyekuwemo. Kampuni ikafa 1858.

Kilichokuja baada ya Arctic ni wazo la Matthew Maury wa jeshi la maji la Marekani: meli za mvuke zinazokwenda mashariki zipite njia yake, zinazokwenda magharibi zipite yake, zisikutane uso kwa uso kwenye ukungu. Aliichora ramani ya njia hizo 1855. Mashua za kutosha kila mtu aliyemo? Hilo lilisubiri hadi Titanic, 1912.

#18 – Mchangiaji, Zanzibar

Mimi ni mwanamke na nimefanya safari ya Pemba mara nyingi usiku. Ninachojiuliza kila nikisoma habari kama hizi: kwa nini sisi ndio tunakufa wengi? Kuogelea hatufundishwi, hilo najua. Kuna jingine?

#19 – Mleta uzi

Dada yangu, asante kwa swali. Kuna meli nyingine ya mwaka ule ule 1854 inayolijibu kuliko zote. Tayleur.

Ilikuwa mpya kabisa, ya chuma, imeundwa Warrington, ikatoka Liverpool tarehe 19 Januari 1854 kwenda Melbourne na watu zaidi ya 600, wengi wahamiaji wanaofuata dhahabu ya Australia. Nahodha John Noble alikuwa na miaka 29. Siku mbili baadaye iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay, jirani na Dublin. Dublin! Walidhani wanakwenda kusini, kumbe wanakwenda magharibi.

Sababu ilikuwa dira. Meli ya chuma inapoundwa, ile gonga-gonga ya nyundo kwa miezi mingi inakifanya chuma chote kuwa sumaku. Dira badala ya kuifuata kaskazini ya dunia inavutwa na mwili wa meli. Walijua: George Airy, mwanaastronomia wa kifalme, alikuwa ameonyesha tangu 1838 namna ya kusahihisha kwa kuweka sumaku na chuma karibu na dira. Kwa hiyo dira za Tayleur zilisahihishwa bandarini, nahodha akaambiwa ziko sawa. Meli ilipotoka na kuanza kupigwa na mawimbi, ule usumaku ukabadilika, na dira zake zikawa hazikubaliani. Juu ya hayo usukani ulikuwa mdogo kwa meli ya ukubwa ule, na kamba zake zilikuwa mpya, hazijavutwa zikazoea, zikavimba kwa maji na kukwama kwenye roda, zile gurudumu ndogo za kupitishia kamba. Meli ikawa haishikiki. Walitupa nanga zote mbili, minyororo ikakatika kama uzi.

Iligonga mwamba karibu na nchi kavu kiasi kwamba wanaume waliruka, wengine wakapita juu ya milingoti na kamba. Wanawake walikuwa zaidi ya 100. Waliookoka ni watatu.

Mavazi, dada. Sketi ndefu za sufu, vikoti, tabaka juu ya tabaka kwa sababu ilikuwa Januari. Zikilowa hakuna mkono unaoweza kuuinua mwili. Na wengi walikuwa na mtoto mkononi, maana kamba inataka mikono miwili.

Hilo la mikono miwili naomba ulishike. Ukipanda boti na mtoto, mbebe kwa mbeleko mgongoni au kifuani kabla ya jambo lolote, usimshike mkononi. Na jaketi la kuokolea la mtoto ulizie bandarini, si baharini.

#20 – Mchangiaji, Zanzibar

Nimelishika. Ahsante sana kaka.

#22 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Hiyo ya dira imenisisimua. Ilikuja kutatuliwa?

#23 – Mleta uzi

Kidogo kidogo. Liverpool ikaunda kamati ya dira 1855. Na mzee mmoja, William Scoresby, aliyekuwa nahodha wa kuvua nyangumi kisha akawa mchungaji wa kanisa, akasema kwa umri wake ule atapanda meli ya chuma hadi Australia na kurudi ili aone kwa macho yake usumaku unavyobadilika ukivuka ikweta. Alisafiri 1856. Alishauri dira moja iwekwe juu kabisa kwenye mlingoti, mbali na chuma. Alirudi, akafariki 1857.

Meli aliyopanda iliitwa Royal Charter. Na hapo ndipo ninapofika kwenye kisa cha mwisho.

Oktoba 1859, Royal Charter inarudi kutoka Melbourne, imebaki siku moja kufika Liverpool. Wachimba dhahabu wanarudi kwao na dhahabu, nyingine kwenye chumba cha hazina, nyingine wameishonea kwenye mikanda kiunoni. Mchana wa tarehe 25 wanapita Holyhead, bandari yenye hifadhi. Hewa imeanza kubadilika. Nahodha Thomas Taylor akaendelea. Liverpool iko pale mbele, wake za watu wanasubiri.

Usiku upepo ukageuka kaskazini mashariki na kuwa tufani. Akatupa nanga karibu na kijiji cha Moelfre, kisiwa cha Anglesey, Wales. Mnyororo mmoja ukakatika, kisha wa pili. Wakakata milingoti kupunguza upepo. Asubuhi ya tarehe 26 meli ilikuwa juu ya mawe, hatua chache kutoka nchi kavu, na mawimbi yanaipasua vipande.

Baharia kutoka Malta, anayeitwa kwa Kiingereza Joseph Rogers, alijifunga kamba akaruka. Alitupwa na mawimbi akarudishwa, akatupwa tena, akafika. Wanaume 28 wa Moelfre walikuwa wameshikana mikono wakaingia majini kama mnyororo wa watu, wakampokea. Kamba yake ikafungwa, na watu wakaanza kuvutwa mmoja mmoja. Waliookoka ni kama 40. Wote wanaume. Waliokufa ni karibu 450, na baadhi yao walizamishwa na ile mikanda ya dhahabu.

Mchungaji wa pale, Stephen Roose Hughes, aliwazika 140 na kuandika barua zaidi ya 1,000 kwa ndugu waliouliza: alikuwa na alama gani, shati lina herufi gani. Alifariki miaka michache baadaye. Mimi nikienda Wales siku moja, kaburi lake ndilo nitakaloenda kuliona.

Tufani ile iliua watu kama 800 na kuzamisha meli 133. Na hapa nataka mmjue Robert FitzRoy. Ndiye aliyekuwa nahodha wa Beagle, ile meli iliyombeba mwanasayansi Darwin. Tangu 1854 aliongoza ofisi ya serikali ya kukusanya habari za hewa. Baada ya Royal Charter alisema: simu ya waya ina kasi kuliko upepo. Dhoruba ikianza huku, tunaweza kuwaambia wa kule kabla haijafika. Mwaka 1861 akaanza kutuma maonyo bandarini, na bandarini wakitundika juu ya mlingoti koni na pipa la turubai jeusi, wavuvi wasiojua kusoma waelewe. Kila tahadhari ya upepo mkali inayotangazwa leo kabla boti hazijatoka Malindi ya Unguja au Kivukoni ina ukoo wake pale.

#26 – Mchangiaji, Unguja

Umenikumbusha bibi zetu walivyokuwa wakisimulia habari za kimbunga cha Zanzibar, Aprili 1872. Mikarafuu ya Unguja ilianguka karibu yote, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu karafuu ikahamia kule. Majahazi na merikebu za Sayyid Barghash zilipotea bandarini. Je, huyo FitzRoy asingeweza kutusaidia?

#27 – Mleta uzi

FitzRoy alikuwa ameshafariki, 1865, alijitoa uhai. Na waya wa simu ulifika Zanzibar 1879, miaka saba baada ya kimbunga. Mwaka 1872 hata kama mtu angekiona kikitokea baharini, hakuna njia ambayo habari ingekitangulia.

#30 – Mchangiaji, Mombasa

Ndugu, uzi mzuri sana, Mungu akuzidishie. Nina swali moja. Pale mwanzo kuhusu rangi kwenye vyuma vya mashua uliandika kwa herufi kubwa. Nahisi kuna jambo.

#31 – Mleta uzi

Lipo.

Mwaka wangu wa tatu melini nilipewa kazi ya kupaka rangi mashua ya kuokolea na nguzo zake, maana wakaguzi wanakuja. Nilipaka vizuri. Nyeupe, mikono miwili ya rangi. Hakuna aliyeniambia nisipake pini. Mwaka uliotangulia mwingine alipaka, na kabla yake mwingine. Ilipendeza sana.

Miezi kadhaa baadaye akaja serahangi mpya, yaani mkuu wa mabaharia wa sitaha, mzee wa Lamu. Siku ya kwanza tu akasema tushushe mashua. Tulikuwa tumefunga gati, mchana, maji yametulia kabisa, watu sita wenye nguvu. Pini haikuzunguka. Tukaleta nyundo, tukaleta patasi, tukaleta mafuta ya taa na tambara. Rangi ilikuwa inatoka kwa magamba manene kama kucha, nyeupe, chini yake kijivu, chini yake nyeupe tena.

Mzee hakufoka. Alikaa juu ya boya ameshika saa yake mkononi. Mashua ilipogusa maji akatuonyesha: dakika 50.

Tangu siku ile sijapaka rangi juu ya kitu kinachozunguka.